Hodi Tatu kwa Masafa Matupu

Wataalamu wa Jamhuri ya Neemani walipogundua kwamba hewa ya nchi yao ina njia arobaini za kupitishia sauti, wakubwa hawakupata usingizi mpaka njia zote zimegawiwa. Zikaitwa masafa. Masafa namba moja alipewa Rais kwa ajili ya salamu zake za mwaka mpya, ambazo huchukua dakika sita, nne kati ya hizo zikiwa ni wimbo wa taifa. Namba mbili alipewa Rais pia, endapo namba moja itachoka. Namba tatu ilikwenda kwa Kikosi cha Ving'ora vya Msafara, namba nne kwa Wizara ya Mapokezi na Mazulia, namba tano kwa Baraza la Kuratibu Mabaraza, ambalo halijawahi kukaa hata siku moja. Mgawo ukaendelea hivyo hivyo hadi namba arobaini, iliyotengwa kwa ajili ya jeshi la majini. Neemani haina bahari, lakini wakubwa walisema si vizuri kukutwa hujajiandaa.

Ikabaki namba tisa. Haikubaki kwa huruma ya mtu. Ilibaki kwa sababu ina mkwaruzo, na kila mkubwa aliyeonjeshwa aliirudisha. Wakapewa wananchi, milioni kumi na nne. Sisi tunaosimulia hatuna ugomvi na mgawo huo. Arobaini ukitoa thelathini na tisa inabaki moja, hesabu iko sawa kabisa.

Muuguzi Generosa Nyambo alifanya kazi katika zahanati ya Mbunduka, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka hospitali ya wilaya, na hapo ni kiangazi. Simu za mkononi hazikushika Mbunduka. Mnara wa simu ulikwishazinduliwa mara mbili, kwa ngoma na hotuba, kilichobaki ni kuujenga tu. Kwa hiyo Generosa alikuwa na redio ya upepo, na redio ile ilikuwa na ruhusa ya kusema kwenye namba tisa peke yake.

Ukifungua namba tisa ulikutana na taifa zima. Walikuwemo wauza nyanya wa mnada wa Itumbo wakiulizana matenga. Walikuwemo madereva wa malori wakipashana habari za madaraja yaliyokatika. Alikuwemo Nabii Elisafi akikemea pepo tangu saa kumi na mbili asubuhi, na walikuwemo wazee wawili wa Kata ya Sungwi waliokuwa wakigombea mpaka wa shamba kwa mwaka wa nne. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alibonyeza kitufe chake na kupaza sauti kwa sababu aliyetangulia naye alipaza, na mwishowe hakusikika hata mmoja.

Ndipo alipokufa Sikudhani. Alikuja kujifungua mtoto wa tatu, akaanza kutokwa damu, na Generosa akaita gari la wagonjwa kwa dakika arobaini, saa nne asubuhi, jua linawaka. Gari lilikuwepo hospitalini. Dereva alikuwepo, amekaa kivulini, na redio ya hospitali ilikuwa wazi mbele yake. Alichosikia ni nyanya na pepo. Sikudhani akafa ameshika kanga ya Generosa, na masafa mengine thelathini na tisa wakati huo yalikuwa kimya, safi, yamefagiliwa, hayana mtu. Generosa hakulia. Alikasirika, na hasira ile haikumtoka tena. Ilikaa naye kazini, ikala naye, ikaenda naye kanisani.

Wiki mbili baadaye alikuja Fundi Kolowa kutengeneza betri ya sola. Fundi huyu aliwahi kufundisha katika chuo cha ufundi cha taifa, akafukuzwa kwa kosa la kuuliza swali siku ya mahafali. Generosa alimsimulia habari za Sikudhani. Fundi hakutoa pole ndefu. Alifungua mfuniko wa redio, akazungusha kitu ndani kwa bisibisi, akamwambia, "Njoo usikilize, dada."

Generosa akasikiliza. Hakukuwa na kitu, ila upepo.

"Hii ya nani?"

"Wizara ya Mapokezi na Mazulia."

"Na wenyewe wako wapi?"

"Hawajawahi kuja. Nimeisikiliza miaka mitano."

"Na watu wangu wanakufa!"

"Na watu wako wanakufa," alisema Fundi, akaanza kukusanya vifaa vyake.

Alirudi baada ya mwezi na redio mbili alizoziita redio janja, moja ya zahanati na pacha wake wa hospitali, anayeifuata kila inakohamia. Kazi yake aliieleza kwa maneno machache. Redio janja kwanza husikiliza masafa yote arobaini. Ikiona yasiyo na mtu, hukaa hapo na kusema lake. Huku inasema bado imetega sikio, na mwenye masafa akirejea, inahamia kwingine kabla hajamaliza kukohoa. "Kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mgeni rasmi wakati mgeni rasmi hajafika," alisema Fundi. "Kiti hakiliki. Akiingia mwenyewe, unanyanyuka."

Katika miezi mitatu redio janja iliita gari mara kumi na moja. Mama kumi na mmoja walifika hospitalini na kurudi nyumbani na watoto kumi na mmoja. Hakuna mwenye masafa aliyelalamika, kwa kuwa hakuna aliyekuwepo.

Mambo yangeendelea hivyo kama Generosa asingekuwa mtumishi mwaminifu. Mwisho wa robo mwaka alipojaza taarifa ya zahanati, chini ya kichwa cha habari MAFANIKIO, aliandika ukweli wote, kwa mwandiko mzuri. Watu wazoefu wa Neemani hawaandiki kitu hapo. Huandika "tunaendelea vizuri" na kupiga muhuri. Taarifa ile ilipanda ngazi, katika kila meza ikiongezewa alama moja ya mshangao, mpaka ikatua Mamlaka ya Hewa ya Taifa.

Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka, Mheshimiwa Pantaleo Mgembezi, alifika Mbunduka mwenyewe na msafara wa magari sita. La sita lilikuwa gari la wagonjwa, jipya, vitanda viwili bado vina nailoni, kwa ajili ya Mheshimiwa akijisikia vibaya njiani. Generosa aliliangalia gari lile muda mrefu. Zulia likakunjuliwa kutoka kwenye gari hadi mlango wa wodi, na Mheshimiwa akahutubia.

"Ndugu wananchi! Kwanza niseme wazi kwamba serikali yenu sikivu haipingi teknolojia. Serikali inaipenda teknolojia, na teknolojia inaipenda serikali. Lakini sisi si wanyama. Sisi ni watu wenye utamaduni wetu. Bi Muuguzi, hebu simama. Mtu akikuta mlango wa nyumba uko wazi na ndani kimya, anaingia tu akakaa sebuleni?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Anafanyaje?"

"Anapiga hodi."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na asipoitikiwa?"

Generosa aliona anakokokotwa, lakini alilelewa vizuri, na mtu aliyelelewa vizuri ana jibu moja tu. "Anarudi alikotoka, Mheshimiwa."

Walipiga makofi mpaka mbuzi wakakimbia. Papo hapo ikatangazwa Kanuni ya Ustaarabu wa Hewa. Tangu siku ile, kila redio janja itapiga hodi kabla ya kuingia kwenye masafa ya mtu. Itapiga mara tatu, na kila hodi ifuatiwe na dakika tano za kusubiri, maana wakubwa huchelewa kufika mlangoni. Ikijibiwa "karibu", ina maana mwenyewe yupo, masafa yanatumika, basi redio iondoke. Isipojibiwa, ina maana mwenyewe hayupo, na kuingia nyumba isiyo na mwenyewe ni wizi, basi redio iondoke.

Fundi Kolowa alinyoosha mkono. "Mheshimiwa, sasa itaingia lini?"

"Hilo ni swali la kiufundi," alisema Mheshimiwa kwa upole. "Fundi ni wewe."

Sauti ya kupiga hodi aliirekodi Mheshimiwa mwenyewe, kavu, ya kiofisi. Fundi akaamriwa kuifunga ndani ya redio, wataalamu wa Mamlaka wakimsimamia. Aliifunga kwa waya mmoja mwekundu, mrefu kuliko ulivyohitajika, na akahakikisha Generosa ameuona. Kisha redio ikavishwa utepe, utepe ukakatwa, na magari sita yakaondoka, pamoja na lile lenye vitanda.

Siku ya tisa baada ya uzinduzi, saa tatu asubuhi, wanaume wanne walimleta Mwajabu juu ya kitanda cha kamba. Mtoto alikuwa amekaa kando tumboni, mkono umetangulia. Hakuna mkunga duniani anayeweza kumzalisha mama huyo bila kisu cha daktari. Generosa alimwekea dripu, akanawa, akawasha redio.

"Hodi," ilisema sauti ya Mheshimiwa kwenye masafa namba moja, kisha ikanyamaza dakika tano. "Hodi," ikasema tena.

Generosa alipiga hesabu akiwa amesimama. Masafa thelathini na tisa, robo saa kila moja, ni saa tisa na dakika arobaini na tano za kupiga hodi, na mwisho wake ni kurudi ulikotoka. Akajaribu redio ya zamani, namba tisa. Nabii Elisafi alikuwa akitoa pepo la uvivu kwa mtu wa Sungwi. Akarudi kwenye redio janja, ambayo sasa ilikuwa kwenye lango la Kikosi cha Ving'ora.

"Dada," aliita Mwajabu kutoka kitandani, "wameitika?"

"Bado."

"Wenyewe wamekwenda wapi?"

Swali lile lilimpanda Generosa kichwani. Wamekwenda wapi kweli? Mtu anagawiwa hewa, hasemi humo, hasikilizi humo, hajui hata iko upande gani, na mwanamke huyu anayevuja jasho kwenye kitanda cha kamba anaambiwa asubiri mlangoni kwa adabu! Alichukua mkasi wa zahanati, akafungua mfuniko, akakata waya mwekundu. Sauti ya Mheshimiwa ikakatika katikati ya "ho". Redio ikasikiliza, ikaona kwa Rais hakuna mtu, ikaingia.

"Hospitali, hapa Mbunduka."

"Mbunduka, tunakusikia vizuri sana. Sema."

Gari lilifika saa saba. Mwajabu alipasuliwa jioni ile ile, akapata mtoto wa kiume wa kilo tatu na nusu, mwenye mkono mmoja uliovimba kidogo na sauti ya kutosha.

Generosa alikamatwa Jumatatu. Shtaka lake lilikuwa kuingia ndani ya sauti ya Rais bila kukaribishwa. Mwenyewe alidhani ataulizwa habari za waya, kumbe upande wa mashtaka ulikuja na jambo zito zaidi. Wakili wa serikali alimwita Mwajabu, akamwamuru amweke mtoto mezani, akamfunga mtoto huyo karatasi mguuni. Karatasi iliandikwa KIELELEZO NAMBA MOJA.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema wakili, "Sheria ya Hewa, kifungu cha sita, inasema kitu chochote kilichopatikana kwa kutumia masafa ya mtu ni mali ya mwenye masafa. Bila masafa yale, kielelezo hiki kisingekuwepo. Mshtakiwa anakiri hivyo mwenyewe. Kwa hiyo tunaomba kielelezo kikabidhiwe kwa mwenye mali."

"Kielelezo kinalia," alisema Hakimu.

"Kina njaa, Mheshimiwa."

"Kinyonyeshwe. Ila kisitoke nje ya mahakama."

Mwajabu alimnyonyesha kielelezo wake huku machozi yakimdondoka, na askari mmoja akiwa ameshika ncha ya karatasi. Generosa alitazama jambo lile kutoka kizimbani. Alikuwa ameapa kwamba atajibu kwa unyenyekevu, apewe adhabu, arudi kazini. Unyenyekevu ukamwisha pale pale.

"Mheshimiwa Hakimu, naomba kusema."

"Sema kwa ufupi."

"Wakili amehesabu vibaya. Si mtoto mmoja. Kabla ya huyu wako kumi na mmoja. Redio ile ilipenda namba moja kuliko zote, maana ndiyo kimya kuliko zote, na wote kumi na mmoja niliwaitia gari humo. Kama huyu ni wa Rais, na wale ni wa Rais. Majina ya mama zao ninayo. Naomba mahakama iandike leo kwamba Rais ana watoto kumi na wawili Mbunduka, na niwapeleke Ikulu mwenyewe, kwa lori."

Hakimu aliweka kalamu chini taratibu. Kwa katiba ya Neemani, mtoto wa Rais hupewa king'ora akianza kutembea, barabara akianza shule, na jimbo la uchaguzi akiota ndevu. Watu wa viti vya nyuma walianza kuchekea kwenye viganja. Mahakama ikaahirishwa kwa dakika kumi, dakika kumi zikawa saa nne, na inasemekana muda huo Mama wa Taifa alikuwa akimuuliza mumewe maswali ambayo hayamo kwenye katiba. Waliporudi, wakili wa serikali alikuwa amelowa jasho. Shtaka likaondolewa kwa maslahi ya umma. Kielelezo kikafunguliwa karatasi. Redio janja zote mbili zikataifishwa, na Fundi Kolowa akapigwa marufuku kushika bisibisi kwa miaka mitano.

Generosa alirudi Mbunduka mikono mitupu, kwenye redio ya zamani na namba tisa. Alhamisi yake ya kwanza kazini aliletewa mama mwenye kifafa cha mimba. Alibonyeza kitufe bila matumaini yoyote. "Hospitali, hapa Mbunduka, nina mgonjwa mahututi, jamani nisikilizeni."

Nyanya zikaendelea, malori yakaendelea. Halafu mwanamke mmoja wa mnada wa Itumbo alifoka kwa sauti iliyozoea kushinda soko zima. "Nyamazeni nyote! Huyo ni yule nesi wa kesi! Elisafi, na wewe! Pepo atangoja!"

Wakanyamaza. Mmoja mmoja, kisha wote, hata wale wazee wa mpaka. Generosa alisikia mkwaruzo wa namba tisa peke yake kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili ya kazi, akabaki akiusikiliza.

"Sema basi, dada, tunakusikiliza," alisema dereva mmoja.

Kuanzia siku ile watu wa namba tisa walijiwekea utaratibu ambao hakuna waziri aliyeuzindua. Kabla hujabonyeza, unasikiliza. Ukikuta mwenzako anasema, unamwacha amalize. Ikiita zahanati yoyote, kila mtu anafunga mdomo mpaka gari lipatikane. Aliyesahau alikumbushwa, tena kwa matusi. Zahanati za wilaya nne zikaanza kupata magari. Nabii Elisafi alihamisha ibada yake hadi baada ya saa za kliniki, akasema ni ufunuo.

Sasa, kule mji mkuu, Mamlaka ya Hewa ina mtambo mkubwa unaopima matumizi ya masafa. Mtambo ule unapima kelele. Kwa miaka yote ulionyesha kwamba namba tisa inatumika mno, na Mamlaka ikawa inawalaumu wananchi kwa uroho. Safari hii ulionyesha kelele zimepungua kwa nusu, na mara nyingine hakuna kabisa. Wataalamu walikaa siku mbili hotelini wakaandika walichoona. Wananchi wameacha kutumia namba tisa. Masafa yanakaa bure. Rasilimali ya taifa inapotea. Mheshimiwa Pantaleo Mgembezi alisoma, akahuzunika kwa ajili ya taifa, akasaini. Namba tisa ikagawiwa kwa Kwaya ya Wake wa Mawaziri.

Ofisa aliyetumwa kuifunga redio ya Mbunduka aliitwa Zakayo Mhina, mtu mstaarabu, mwenye barua, lakiri na kijaluba cha wino. Alifika saa tano asubuhi, akamkuta Generosa anatoka wodini na glavu zina damu hadi viwikoni, anakwenda moja kwa moja kwenye redio. Zakayo akasimama mbele yake.

"Samahani, Bi Muuguzi. Masafa haya yana mwenyewe sasa."

"Nani?"

"Kwaya ya Wake wa Mawaziri. Barua hii hapa."

"Inaimba saa hizi?"

Zakayo akatazama barua. "Kwaya yenyewe bado haijaundwa. Lakini masafa ni yao."

Wodini mgonjwa alipiga ukelele. Zakayo aligeuka, akaona miguu, akaona beseni, akageuza uso haraka kuelekea ukutani.

"Sikiliza, kaka yangu," alisema Generosa. "Sijamkatalia mtu chake. Wakija nitawapisha. Siku watakapofika hapa, hata wawili, hata mmoja wao mwenye mafua, akafungua mdomo aimbe, nitanyamaza nimsikilize mpaka amalize. Lakini waje. Sasa ondoka hapo."

"Kwa mujibu wa barua..."

Alimsukuma kwa bega, maana mikono ilikuwa haifai kumgusia mtu shati. Barua ikaanguka sakafuni, akaikanyaga, akabonyeza kitufe kwa kidole chenye damu. Kule hewani muuza nyanya mmoja alikuwa katikati ya neno, akaliacha hapo hapo.

"Hospitali, hapa Mbunduka," alisema Generosa. "Leteni gari."